Malalamiko kuhusu wazee kukalishwa vitini mchana kutwa

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni inayosimamia nyumba ya wazee, Lubumbashi

Kuhusu: baba yangu kuishiwa nguvu za miguu

Bwana Mkurugenzi,

Baba aliingia kwenu akitembea. Fimbo alikuwa nayo, lakini alitoka chumbani hadi barazani mwenyewe, akaketi na kuinuka bila kushikwa mkono. Leo anainuliwa na wasaidizi wawili, na mapaja yamekonda hadi suruali haikai kiunoni. Nilipouliza sababu, msimamizi wenu alinijibu kwa upole: "Mama, ni uzee."

Jibu hilo silikubali. Uzee hupunguza misuli, ni kweli. Madaktari huuita upungufu huo sarkopenia, na Marekani tangu 2016 wanauandika kama ugonjwa wenye namba yake. Lakini mambo mawili yanayouharakisha yako mikononi mwenu: kukaa bila kujongea, na chakula chenye protini haba. Mzee mwenye afya akilala kitandani siku 10 tu, miguu yake hupoteza karibu kilo moja ya misuli. Baba hukalishwa tangu chai ya asubuhi hadi bukari ya jioni, mwezi baada ya mwezi.

Wasaidizi wanasema wamekatazwa kuwaacha wazee watembee, wasije wakaanguka. Woga huo naufahamu. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo ni msiba. Ila mguu usiotumika ndio unaomwangusha mtu. Usiku umeme umekatika, mzee amebanwa na haja, msaidizi hayupo: atainuka tu, na atainuka na miguu ile mliyoidhoofisha nyinyi.

Tena nguvu hurudi, hata kwa mkongwe. Mwaka 1990 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya katika nyumba ya wazee huko Boston, kwa watu wa miaka 86 hadi 96. Waliwanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8, na nguvu za mapaja zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 1994 wakarudi na wazee 100, wakaona kwamba kinywaji cha lishe peke yake, bila mazoezi, hakikuwaongezea nguvu. Nalitaja hili kwa sababu ofisi yenu imeniambia ninunue maziwa ya unga kwa malipo ya ziada. Maziwa hayatamsimamisha mtu ambaye hasimamishwi.

Chakula nacho kitazamwe. Mzee anahitaji angalau gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Baba ana kilo 60, basi ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi. Bukari na sombe siku nenda rudi, samaki Jumapili peke yake, hesabu hiyo haifiki. Samaki wadogo wa ndakala, maharage na karanga vimejaa sokoni Katuba, wala si vitu vya anasa.

Mkataba niliotia sahihi unataja mazoezi ya viungo kila wiki. Chumba cha mazoezi hayo kipo, nimekiona, kimefungwa kufuli na ndani mmepanga magodoro. Nataka kifunguliwe na mtu anayejua kazi hiyo aajiriwe. Nataka pia kila mzee apimwe: aketi na kuinuka mara 5, mikono kifuani. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa kabisa, ni dalili kwamba nguvu zimepungua. Kinachohitajika ni kiti na saa. Matokeo yaandikwe, familia zipewe.

Pesa nilizolipia mazoezi yasiyofanyika nirudishiwe. Nasubiri jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Lisipokuja, barua hii nitaipeleka kwa wakaguzi wa afya wa mkoa.

Kwa heshima,

Binti wa mzee anayekaa kwenu

Nakala: familia za wazee wengine