Barua kwa Zuhura kabla hajarudi Greifswald

Mwanangu Zuhura,

Jana mezani nilikuuliza ukacheka, mama yako naye akacheka, nikanyamaza. Lakini sijaridhika. Nakuuliza tena: ukirudi Ujerumani utauweka mkono wako uliovunjika chini ya ile mashine ya plazma mnayoitafiti, au hutauweka?

Ulichonijibu ni "tutaona, baba." Ukisema tutaona, huwa umeshaamua.

Plazma ninayoijua mimi ni ile inayopasua bamba la chuma huku cheche zinaruka. Yenu umenieleza ni baridi: gesi ya agoni au heli inapitishwa umeme, inawaka kwa rangi ya zambarau, na mtu anaweka kidole asiungue kwa kuwa haifiki nyuzi 40. Agoni naifahamu, ndiyo ninayochomelea alumini. Nakubali pia kwamba hao Wajerumani hawabahatishi. Ile kINPen MED, mashine ya plazma baridi iliyotoka hapo hapo Greifswald, ilipata kibali cha kutumika kwa wagonjwa mwaka 2013. Lakini kibali cha kutibu nini? Vidonda na magonjwa ya ngozi. Kidonda kiko juu, unakiona. Mshipa wako wa fahamu umelala kwenye mfupa, chini ya nyama, pale palipovunjika. Hiyo gesi itaufikiaje? Ukasema ndilo swali mnalolitafuta. Haya, litafuteni kwa panya.

Habari ya panya niliipenda. Mnaubana mshipa wa paja kwa koleo, halafu mnampaka wino nyayoni, anatembea juu ya karatasi, mnapima anavyotanua vidole. Na kuna wale wanaopuliziwa gesi tupu, haijawashwa, kwa sababu panya aliyebanwa mshipa hupona mwenyewe baada ya wiki kadhaa, na bila wa kumlinganisha naye mtaisifu mashine kwa kazi isiyokuwa yake. Ulinieleza wewe mwenyewe, unakata kitunguu kwa mkono wa kushoto, vipande vikubwa kama vya mkaanga chipsi. Sasa niambie, wewe utajilinganisha na nani? Daktari alisema wengi waliovunjika hivyo mshipa huwarudia wenyewe. Kiganja chako kilicholegea kikiinuka tena, utajuaje ni plazma?

Alisema pia mshipa hukua kama milimita moja kwa siku. Ulipolala nilichukua tepu nikapima mkono wangu, kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka chini kidogo ya kiwiko, ilipo misuli ya kuinua kiganja. Sentimita kumi na tano. Ni miezi mitano hiyo, na hapo ni kutikisika tu, nguvu bado. Najua miezi mitano ni mingi kwa mtu mwenye tasnifu ya kuandika. Lakini mshipa si waya, uuvue ganda, usokote, uwashe taa.

Na habari ya kipimo je? Kidogo huamsha seli, kikizidi huziua, hata wenzenu wanaijaribu kwenye saratani kwa sababu hiyo hiyo. Ni maneno yako. Kipimo cha mkono wa Zuhura anacho nani? Ninachokiogopa ni usiku maabara ikiwa tupu, ufunguo unao, na umechoka kungoja.

Usinielewe vibaya. Kijiweni wanakuita daktari wa umeme na mimi siwasahihishi. Mzee mmoja ameniuliza kama utaweza kumtibu ganzi ya miguu, nikamwambia asubiri. Mtu baki nimeweza kumwambia asubiri, wewe binti yangu unanishinda.

Halafu splinti, ile ya kukishikilia kiganja, huvai. Nimeiona chini ya kitanda, mikanda yake mipya kabisa. Unataka dawa ambayo haijathibitishwa, na hii iliyothibitishwa inakukera kwa sababu haipendezi na gauni. Viungo vikishakaza, mshipa hata ukifika vidole havitafunguka. Vaa. Na vinyooshe vidole kwa mkono mzima kila siku, kama ulivyofundishwa, si ukikumbuka.

Mambo ya bodaboda, na nani aliyemwita usiku ule mvua inanyesha, tuyaache.

Mwambie msimamizi wako hali ya mkono, wala usiufiche kwenye mfuko wa koti. Akikwambia kuna majaribio ya binadamu yaliyopitishwa na kamati ya maadili, na mtu mwingine ndiye anayepima matokeo, nipigie hata saa nane za usiku, nitasema ndiyo. Pasipo hayo, hapana. Nimesema hapana, Zuhura.

Hela ya paa usitume mwezi huu, lipia mazoezi ya viungo. Mnunuzi wa machungwa kule Muheza ametoa nusu, nyingine anasema Ijumaa, na mimi nimekataa kumpakilia gunia hata moja kabla haijaingia. Bati nitanunua za geji 28. Mama yako anataka za rangi, mwambie wewe, mimi hanisikii. Begi kubwa atabeba Hamisi mpaka ndani ya basi, usiliguse. Pilipili na iliki ziko kwenye mfuko wa pembeni, na splinti nimeiweka juu kabisa, ukifungua zipu unakutana nayo.

Baba yako