Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Maonesho ya Picha za Walioacha Pombe, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Ustawi wa Jamii, mheshimiwa diwani, viongozi wa dini na wa mtaa, wazazi wetu, wake zetu na waume zetu: shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru nawe kwa kukubali kufungua maonesho ya watu ambao zamani ungepishana nao njiani huku umeubana mkoba wako.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu ni cha wanaume na wanawake walioacha pombe na wanaojifunza kupiga picha. Wapo waliotokea kwenye gongo, wapo wa mbege, wapo walioanza na viroba kabla Serikali haijavipiga marufuku mwezi Machi 2017. Mbege yenyewe hatuilaumu. Ni ndizi na ulezi, kinywaji cha wazee wetu, na harusi za Uchagani zitaendelea kuwa nayo. Sisi ndio tulioshindwa kuishia kata moja.

Utajiuliza kamera inaingiaje hapa. Inaingia kwa saa yake. Anayeacha pombe mchana hasumbuki sana, kazi zipo. Taabu huanza saa kumi na moja jioni, jua likilegea na wenzake wakianza kuitana. Na mpiga picha yeyote atakwambia kuwa saa hiyohiyo ndiyo yenye mwanga mzuri: jua limeinama, vivuli vimerefuka, nyuso hazikunjwi na ukali wa adhuhuri. Hapa Moshi mara nyingi hata mawingu yaliyoufunika mlima mchana kutwa huachia wakati huo, Kibo kikaonekana. Basi jioni tunakutana, tunagawana kamera chache tulizonazo pamoja na simu zetu, tunatembea mpaka giza liingie. Kisha tunakaa kuangalia picha na kubishana. Mtu akiondoka hapo amechoka, ana njaa, anataka kwao.

Tuseme ukweli, kamera peke yake haijamponya mtu. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kuweweseka, kupata mishtuko kama ya kifafa, hata kufa, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo za kuogopwa zaidi. Kwa hiyo hatumpokei mtu kabla hajaonwa na daktari. Arosto, yaani taabu hizo za mwili kukosa kilevi ulichozoea, ni kazi ya hospitali.

Utakapozunguka ukumbi, tunaomba uanzie ukuta wa kushoto. Picha za pale zimetikisika. Ni za mwanzo, mikono ikitetemeka, nasi tukipiga jioni kwa spidi ndogo ya shata, yaani kamera ikikawia kufunga mlango wake wa mwanga, isiyomsamehe mtu. Wapo waliotaka zifichwe, tulikataa. Ukuta wa mkabala ni kazi ya watu walewale, kwa mwanga uleule, bila stendi.

Faida nyingine hatukuitarajia. Kila picha ya kamera hizi hubeba tarehe na saa. Mnywaji hupoteza jioni nzima, asubuhi akasimuliwa na majirani alichofanya. Sasa mwenzetu mmoja akiulizwa na mkewe alikuwa wapi, anampa kamera. Mama huyo yupo hapa, na anasema bado anakagua. Aendelee tu.

Changamoto kubwa ni kwamba kazi zenye fedha ni harusi, sendofu na kipaimara, na huko mpiga picha huletewa bia kwa ukarimu kabla hata hajafungua begi. Wapo walioteleza hapo, wakarudi tena kundini. Tumekubaliana twende wawili wawili, na malipo yaingie kwa mweka hazina, yasishikwe mkononi usiku ule.

Maombi yetu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inawalenga wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwetu wamo wanaume wa miaka hamsini na zaidi. Tunaomba ututafutie njia nyingine ya kuongeza kamera. Pia tunaomba mshauri nasaha, hata jioni moja kwa wiki, kwa kuwa ofisi zikifungwa ndipo kiu inapoamka. Na ofisi yako ikiwa na shughuli, tupeni kazi ya picha. Bei zetu zimebandikwa mlangoni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na wanakikundi na kusomwa na Katibu.