Ule mkopo wa Nasra

Shoga yangu Zuhura,

Salamu tele, sisi wazima. Mengine nitakupa siku nyingine, maana hii habari ya binti yako Nasra kuogopa mkopo wa ada ya chuo kikuu imenikaa kooni tangu nilipoisoma kwenye barua yako.

Eti Mzee anasema vijana wa siku hizi wanadekezwa! Mzee huyuhuyu aliyesoma huko Uingereza enzi ambazo serikali ilikulipia ada, ikakupa na posho juu yake? Ada yenyewe ilianza 1998, pauni 1,000 kwa mwaka. Desemba 2010 Bunge likapitisha ipandishwe hadi 9,000. Tukaambiwa nchi ina deni, kila mtu afunge mkanda. Kila mtu nani? Ruzuku ya kufundishia masomo kama historia ikaondolewa, posho ya vijana wa familia maskini wanaobaki shuleni baada ya miaka 16 ikafutwa. Pensheni ikalindwa: ipande kila mwaka kwa kufuata bei, mishahara au asilimia 2.5, kubwa kati ya hizo. Sina ugomvi na pensheni, mama naye anaipokea (usimwonyeshe barua hii). Ila waliopandishiwa ada wengi walikuwa bado hawajafika umri wa kupiga kura.

Na kichekesho: David Willetts, waziri wa vyuo vikuu wakati huo, mwaka uleule alikuwa ametoa kitabu cha kulalamika kwamba kizazi chake kimewanyang'anya watoto wao mustakabali. Nick Clegg, naibu waziri mkuu wa serikali hiyo, ndiye aliyetia saini ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya ada, kisha akaiunga mkono nyongeza yenyewe. 2012 akaomba radhi. Ada haikushuka hata peni.

Nasra ajaze fomu ya mkopo, asiogope. Asipopata zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka hakatwi kitu. Akizidisha, anakatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi. Lakini miaka 40, Zuhura! Walioanza 2012 walipewa 30. Atavuka sitini bado anakatwa, na huku kodi yake inalipa pensheni ya kina... basi, niishie hapo, Mzee ni Mzee.

Ameshajaza au bado? Ni historia kweli, au mmemshinikiza asome uuguzi? Unajua Waskoti wakisoma kwao hawalipi ada? Ungemkubali yule Mskoti wa Glasgow miaka ile, saa hizi ungekuwa unalalamika nini? Na Rehema amemaliza kulipa mkopo wake, au bado anawakwepa wanaomdai?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaisha