Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaokwisha. Vikao vya kamati tendaji vilifanyika, mafunzo ya viongozi wa vikundi yalifanyika, katiba ilifanyiwa marekebisho madogo mnayoyajua. Mihtasari iko kwa katibu. Sitawachosha nayo.

Niende kwenye Siku ya Kujitolea. Tuliiweka wiki ya tarehe 5 Desemba, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 1985 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kujitolea. Waliojiandikisha 640, waliofika 431, kampuni 7, mashirika yasiyo ya kiserikali 5, vituo vya kazi 9, majeruhi 1 aliyekatwa kidole na bati, akafungwa bandeji na kurudi kazini. Fulana zilizobaki 209 ziko stoo. Ni mafanikio makubwa, na nayasema hayo mimi niliyekuwa kwenye simu na kila mdau tangu mwanzo, mara nyingi usiku wa manane.

Sasa suala la mchango. Maneno yanayozagaa kwamba mwenyekiti "ameuza kujitolea" yamenifikia, tena kwa majina ya wasemaji. Uamuzi wenyewe ulikuwa huu: kampuni inayoleta wafanyakazi ichangie kiasi kwa kila mtu inayemleta, na fedha hizo ziende moja kwa moja kwa shirika linalowapokea. Chama hakikuchukua hata senti, na mhasibu atathibitisha.

Walioshiriki mwaka uliotangulia wanajua tulikotoka. Kwenye kituo kimoja walishuka watu hamsini wa kampuni, wakakuta brashi kumi na mbili za kupaka ukuta rangi. Waliokosa brashi wakasimama kivulini na simu zao. Mchana basi likawachukua, na mlinzi wa kituo akabaki peke yake akiloweka brashi zilizokaukiana rangi kwenye ndoo ya mafuta ya taa. Ukuta ule ulirudiwa na fundi wa kulipwa, kwa fedha za shirika lililokuwa "linasaidiwa". Kupokea watu ni gharama: glavu, rangi, toroli, maji, vyoo, huduma ya kwanza, bima, na wafanyakazi wa shirika wanaoacha kazi zao kusimamia wageni. Nani azibebe?

Ndiyo, kampuni mbili zilijitoa. Mojawapo ilitaka kupeleka watu mia moja na hamsini kwenye kituo cha watoto chenye nafasi ya thelathini, bango lake likae juu ya bango la wenyeji, na watoto wapigwe picha bila ridhaa ya walezi. Nilikataa, na nitakataa tena. Mfadhili anayekimbia akiombwa glavu alikuja kupiga picha tu. Saba zilizobaki zilisaini hati ya makubaliano mapema: nani analeta vifaa, nani anawajibika mtu akiumia, nani anasema na wanahabari. Hakuna aliyegombana na mwenzake siku ile.

Ipo hoja kwamba wanachama hawakushirikishwa. Kamati tendaji ililipitisha jambo hili. Niliitisha mkutano wa dharura ili mlijadili, akidi haikutimia, tukaondoka. Wengi wa wanaolalamika leo hawamo kwenye daftari la mahudhurio la siku hiyo. Daftari liko mezani hapa mbele, anayetaka aje alifungue.

Na ninasikitika kusema kwamba kati ya wale 431, wanachama wetu walikuwa 38. Mgeni mmoja kutoka kampuni aliniuliza kwa heshima kabisa kama chama chenyewe kingefika baadaye. Nilimjibu kwamba kiko njiani. Wanachama walioandikwa ni 212, waliolipa ada ya mwaka huu 74, wenye deni la miaka miwili au zaidi 96. Kumi na moja walilipa asubuhi ya leo mlangoni ili wapige kura, nawapongeza kwa kasi hiyo. Kwa ada hizi hatuwezi hata kukodi mahema, halafu tunashangaa kampuni zikitaka kutuamulia mambo.

Kuhusu mwakani, Umoja wa Mataifa umeutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Tunatarajia kufanya jambo kubwa zaidi, kupata wadau wapya na, Mungu akijalia, stoo ya vifaa vyetu wenyewe. Mpango kamili utaandaliwa hali ya fedha ikiruhusu. Walioniuliza kama nitagombea tena, nitatoa jibu ajenda ya uchaguzi itakapofika.

Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mwisho wa mkutano.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti