Barua kwa mwanangu anayesubiri upasuaji

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi umekubali kutolewa huo uvimbe wa kizazi. Habari za kidonda na nyuzi utaelezwa na daktari wako. Mimi niliyezeeka kwenye chumba cha upasuaji nikitoa dawa ya usingizi, nina wasiwasi na presha yako na figo zako.

Dawa ya usingizi, iwe ya kulala kabisa au sindano ya mgongoni, hulegeza mishipa na presha hushuka. Uvimbe nao una damu nyingi. Ikimwagika, presha inazidi kushuka. Figo peke yake hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, kwa hiyo msukumo ukipungua huumia mapema. Ndiyo maana tunapima angalau kila dakika 5, na presha ya wastani (iliyo kati ya namba ya juu na ya chini) ikishuka chini ya 65 hatungoji: tunaongeza maji, tunachoma efedrini ya kupandisha presha, tunamwambia mpasuaji adhibiti damu. Wengi hupita salama. Ila wewe una presha ya kupanda, na figo zako zimezoea msukumo mkubwa. Namba inayomtosha mwenzio huenda isikutoshe. Mtajie mtu wa usingizi presha yako ya kila siku na hiyo dawa ya presha, losatani, unayomeza. Mara nyingi husimamishwa siku moja kabla, lakini usiiache mpaka akuambie yeye.

Ukirudi wodini, mumeo aangalie mfuko wa mkojo. Kwa kilo zako 70 tunataka angalau mililita 35 kila saa. Mkojo ukiwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi, amwite nesi hata saa nane usiku. Kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopimwa kujua hali ya figo, huchelewa kupanda, majibu ya siku ya kwanza yanaweza kuwa mazuri tu; omba irudiwe siku ya pili.

Kinachoniuma zaidi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Waliopasuliwa wengi huandikiwa, na mtaani inanunuliwa kama pipi. Hiyo na ibuprofeni hubana damu inayoingia kwenye figo, tena figo ambayo pengine imetoka kukosa damu. Uliza kwanza presha yako ilishuka kiasi gani, uombe parasetamoli na dawa nyingine isiyogusa figo. Na mizizi ya shangazi ya kusafisha kizazi, mshukuru, usiinywe.

Kreatinini ya kabla ya upasuaji umeshapimwa? Bila hiyo hawatakuwa na cha kulinganisha. Kapime kesho asubuhi, upige picha karatasi ya majibu unitumie.

Mama yako