Masika si ya nchi nzima

Mhariri,

Kila ifikapo Machi, kurasa za kilimo za magazeti yetu, lako likiwemo, huandika kwamba masika yameingia na wakulima waandae mashamba. Kwa msomaji wa Tanga, Moshi au Bukoba ni sawa. Kwa wa Dodoma, Tabora, Songea au Mtwara ni upotoshaji. Huko hakuna vuli wala masika; kuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na ikifika Machi mahindi yanatakiwa yawe yameshabeba.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, wa msimu (mvua za mara moja kwa mwaka) na wa masika, kila mmoja peke yake na ukitaja mikoa yake. Mikoa hiyo hupotelea kwenye chumba cha habari.

Sababu ya tofauti hii ni ya bara zima. Ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu yanayoleta mvua, hulifuata jua: katikati ya mwaka huwa umepanda hadi Sahel, Januari umeshuka hadi Zambia, Malawi na kusini mwa Tanzania. Maeneo yaliyo karibu na Ikweta hupitiwa mara mbili, ukienda na ukirudi. Ya mbali hupitiwa mara moja. Ndiyo maana mkulima wa uwele wa Niger hupanda Juni, na wa mahindi wa Zambia Novemba. Kwenye ncha mbili za bara, Cape Town na pwani ya Algeria, mvua hunyesha wakati wa baridi. Hata Kenya haina kalenda moja: Machakos hupanda mara mbili kwa mwaka, Kitale hupanda Machi au Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Wafanyabiashara wa nafaka wanalijua hili kuliko waandishi. Juni na Julai mahindi ya Rukwa na Songwe yamekauka, ya Kitale bado mabichi, na malori huelekea Namanga, mpakani mwa Kenya.

Mkulima wa Dodoma akisubiri Machi, anabakiwa na mvua ya wiki tano au sita. Mahindi huhitaji maji zaidi yanapotoa mbelewele (maua ya juu), siku ya 55 hadi 65 hivi, na hapo ni Mei, ardhi imeshakauka. Atavuna mabua. Apande kwa mvua za Desemba, na asikimbilie manyunyu ya kwanza. Achimbe kwa jembe: udongo uwe umelowa hadi sentimita 15 kwenda chini. Ukiwa umelowa juu tu, mbegu huota kisha hufa, na mbegu ya kurudishia hununuliwa kwa bei ya juu.

Jambo la pili linalokosekana kwenye makala hizo ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na mahindi huchelewa kukomaa. Mbegu ya H614 ni ya nyanda za juu, huchukua miezi sita au zaidi. Ukiipanda bondeni Kilosa, mvua inakatika kabla punje hazijajaa. Katumani, ya miezi mitatu, ni ya maeneo makavu. Ukiipeleka Njombe hukomaa mvua ikiendelea na gunzi huoza shambani. Kuandika "tumia mbegu bora" bila kutaja mita ni kumtuma mtu dukani akabahatishe.

Kuhifadhi nako hutegemea mahali. Nafaka isizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumukuvu: watu 317 waliugua, 125 wakafa. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, jaza mahindi hadi theluthi moja, weka vijiko vitatu vya chai vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika tatu, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha turubaini. Isiponata, anika siku moja zaidi, maana kipimo hiki hakioni tofauti ya 14 na 13. Pwani chumvi yenyewe hushika unyevu wa hewa, kwa hiyo ikaangwe kwanza na ipoe, la sivyo itanata hata mahindi yakiwa makavu. Na huko Pwani gunia la kawaida halifai: punje iliyokauka vizuri hunyonya unyevu upya. Itumike mifuko isiyopitisha hewa.

Ombi letu ni kwamba kila makala ya kilimo itaje, juu kabisa, kama inahusu mikoa ya mvua mara moja au mara mbili kwa mwaka, na mwinuko wa kuanzia mita ngapi hadi ngapi. Ni mstari mmoja tu, hauli nafasi ya tangazo.

Maofisa ugani wastaafu,
Morogoro