Msimpunguze Hank Aaron

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo umemtaja Hank Aaron, mchezaji wa besiboli wa Marekani, kwa mstari mmoja tu: aliyeshika rekodi ya mapigo ya nje ya ukuta (home run) kabla ya Barry Bonds. Ni kweli Bonds alimpita mwaka 2007, akamaliza na 762 dhidi ya 755 za Aaron. Lakini mstari ule umeniuma. Naishi Atlanta, mji aliochezea, na huku wazee wakimtaja hushusha sauti kwa heshima.

Kwa wasiojua besiboli: mpigaji akiutoa mpira nje ya ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote hadi nyumbani, yaani pale alipopigia, hakuna wa kumzuia. Hayo ndiyo mapigo 755. Mtu akisikia idadi hiyo hudhani alikuwa pande la mtu. Wapi! Nguvu zake zilikuwa kwenye vifundo vya mikono, na katika misimu 23 ya kwenda kazini. Hakuwahi kufikisha 50 kwa msimu. Mwaka 1971, uliomwendea vizuri kuliko yote, alipata 47. Na ukiyafuta yote 755, bado ana mapigo mengine zaidi ya 3,000 yaliyomfikisha kituoni salama.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934. Mwaka 1952, kijana wa miaka 18, alichezea Indianapolis Clowns, timu ya weusi. Siku moja mjini Washington walikula mkahawani, na walipomaliza wakasikia jikoni sahani zinavunjwa. Ni zile zile walizolia chakula. Mimi nilipofika Marekani niliosha vyombo mkahawani miaka miwili. Sahani ikiniponyoka moyo ulinipasuka, kwa kuogopa kukatwa mshahara. Sasa mtu anazichukua nzima, moja baada ya nyingine, anazipiga chini kwa sababu ya midomo iliyozigusa! Aaron alikuwa amekaa pale pale, anasikia.

Alifunga msimu wa 1973 akiwa na 713, moja tu nyuma ya rekodi ya Babe Ruth, mchezaji mzungu wa zamani. Majira yale ya baridi barua zilimiminika za kumtukana na kutishia kumuua, kisa mweusi anataka kumpita Ruth. Akatembea na mlinzi. Barua hakuzichoma, alizihifadhi.

Tarehe 8 Aprili 1974, hapa Atlanta, mbele ya watu zaidi ya 53,000, Al Downing wa timu pinzani ya Dodgers alimrushia mpira, naye akautoa nje: 715. Vijana wawili wakaruka kutoka jukwaani wakakimbia naye. Hebu fikirini, mtu aliyetishiwa risasi, ghafla anaona wageni wawili ubavuni. Hakusimama. Alipofika kituo cha nyumbani, mama yake, Estella, alimkumbatia shingoni asitake kumwachia. Sisi wenye watoto hatuhitaji kuelezwa ile mikono ilikuwa inakinga nini.

Uwanja ule ulibomolewa 1997. Mwaka 2019 nilimpeleka mwanangu pale, tukakuta maegesho ya magari na kipande cha uzio kilichoachwa mahali mpira ulipovukia, kimeandikwa 715. Mwanangu alirudi nyuma hadi alipodhani mpigaji alisimama, akatazama, akaniuliza, "Mama, kutoka huku kote?"

Aaron alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 86. Mkimwandika tena, naomba mchapishe picha ya mama yake akiwa amemshika vile.

Msomaji wenu, mzaliwa wa Tanga,
Atlanta, Marekani